Mpira Ambao Haukurudi

Kupitia kwa Bw. Purvis Tolliver,
Nyumba ya Mazishi, Barabara ya Stesheni,
Meldrum, Alabama.

Jumatano, 18 Agosti 1937

Mpendwa Shangazi Odessa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Najua ukipata barua huisomea pale pale kwenye meza ya kupigia pasi, mkono mmoja karatasi, mkono mwingine pasi, huku mashati ya watu wa Chicago yakiungua. Leo iweke pasi pembeni, tafadhali. Miguu inaendeleaje? Dada Irvetta aliniandikia kwamba imevimba tena na kwamba umekataa katakata kwenda kwa daktari kwa sababu ngazi ni nyingi. Ngazi hizo hizo unazipanda na kuzishuka kila siku kwenda kazini na kanisani, shangazi, kwa hiyo nadhani tatizo ni daktari.

Mimi ni mzima wa mwili. Bega linanisumbua mvua ikikaribia, lakini bado naiokota mipira na kuirusha, na Mzee Stokely, meneja wetu, bado hajapata mtu wa kunirithi. Nakula vizuri.

Anwani hapo juu isikushtue. Hoteli ya hapa Meldrum ni ya wazungu, kwa hiyo kila mara timu yetu ya besiboli ikipita, Bw. Tolliver, ambaye huzika watu wetu wa wilaya nzima, hutupa vyumba vya juu. Majirani zetu wa chini ni watu wazuri sana: hawakoromi, wala hawagombanii beseni la kunawia. Mkewe alitukaangia kambare na mkate wa mahindi, tukala mpaka tukaona haya. Mwaka jana ningekuandikia kurasa mbili za mzaha juu ya nyumba hii. Safari hii mzaha umeniishia hapo.

Barua yako ya Pasaka ilinifuata mji hadi mji, ikanipata mwezi Juni, nami nimezunguka nayo mfukoni hadi imechanika mikunjo. Umeniuliza tena maneno ya mwisho ya Delmas. Mwaka jana nilikujibu kwamba alikutaja wewe, akalala. Sasa wataka niyaandike yote, neno kwa neno, ili uyaseme mbele ya kanisa siku ya kumkumbuka, Jumapili ya tarehe 29. Umesema maneno yale ndiyo yanayokuwezesha kulala.

Shangazi, ulinichukua nikiwa na miaka minne, ukanilaza kitanda kimoja na mwanao Delmas, na ukanikata mkate sawa na wake. Siwezi kukuacha usimame mbele ya Mchungaji Gaines na watu wote useme kitu ambacho nilikitunga mimi. Nilikitunga. Delmas hakukutaja. Tafadhali usiitupe barua, endelea kusoma.

Unaujua mchezo wetu wa kivuli. Uliuona mara moja tu, kule Memphis, ukacheka hadi kofia yako ya kanisani ikadondoka. Kabla ya mechi yenyewe tunaingia uwanjani timu nzima na kucheza bila mpira. Mrushaji anarusha hewa, mpigaji anaipiga, mimi naruka naidaka, nageuka naitupa kituo cha kwanza, na pale Delmas alikuwa akinyoosha ule mguu wake mrefu na kuipokea, glavu ikilia pa, kwa sababu aliipiga ngumi kwa siri saa ile ile. Aliyekaa kwenye benchi angeapa mpira upo. Watu wetu upande wao wa kamba, wazungu upande wao, wote wanacheka kitu kimoja.

Mchezo ule una sharti moja tu. Ukishautupa mpira, lazima mwenzako audake, na akishaudaka lazima aurudishe. Asipoudaka, au mtu akiusahau, watazamaji wanaona watu wazima tisa wakipunga mikono, na mambo yanaharibika. Kwa hiyo tunatazamana usoni muda wote. Delmas ndiye aliyekuwa fundi wetu. Mara mpira ulimchoma vidole, mara ulimwingia ndani ya shati, mara aliubusu na kuuomba radhi.

Ile Ijumaa kule Bascom, mpira wa kweli ulimpiga pembeni mwa sikio. Hilo nilikwambia, na ni kweli. Alikaa chini kidogo, akanywa maji, akasema kengele za kanisa zinalia kichwani, akasimama akacheza hadi mwisho. Jumamosi asubuhi ndani ya basi alikuwa kimya. Hakutaka biskuti yake, nami niliila. Sikumwuliza hata kwa nini.

Mchana tukawa Harlan Fork. Tulicheza kivuli kwanza, kama kawaida. Uwanja ulijaa na nilikuwa na furaha, nikaruka juu, nikaudaka mpira ambao haupo, nikautupa kwa Delmas kwa nguvu zangu zote. Wakati ule ule ambao ungemfikia, alishika sikio akaanguka chali.

Shangazi, uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Wote walikuwa wamesikia habari za Bascom, na wote waliona kwamba Delmas anaigiza. Mimi pia niliona hivyo. Nilisema moyoni, kaka yangu ni kiboko, jana mpira umemtandika na leo keshaugeuza kichekesho. Nikaenda nikainama juu yake. Alisema maneno machache. Nitayaandika huko chini nikipata ujasiri, nivumilie. Mimi nilisimama nikawapigia watu kelele, "Anasema huu wa leo ni mgumu kuliko wa jana!"

Wakacheka tena. Lovell, mdakaji wetu, alikuja na gongo akampima Delmas kuanzia kisigino hadi utosini, kama seremala anayepima jeneza. Wengine walimpepea kwa kofia. Tukambeba mikono na miguu, tukizunguka naye uwanja, na yeye kichwa kinaning'inia, na watu wakatupigia makofi. Tulimlaza kivulini nyuma ya benchi, tukaanza mechi. Mzee Stokely alimwita aamke katika mzunguko wa pili, ndipo tukaona povu mdomoni.

Hospitali ya karibu ilitujibu mlangoni kwamba haina kitanda cha watu weusi. Tulielekezwa mji mwingine, maili arobaini. Alifia njiani, kichwa kikiwa mapajani mwangu, bila kufumbua macho wala kutoa sauti. Daktari wa huko, mtu wetu, aliniuliza alianguka saa ngapi. Nilipomjibu aliivua miwani yake, akatazama saa ya ukutani.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ningekuwa mtu mwema ningekuandikia tangu mwaka jana. Nilikuwa mwoga, na nadhani ningeendelea kuwa mwoga hadi kufa kwangu kama si mambo yaliyofuata. Nayaandika kama yalivyotokea, ukiona nimepotewa na akili utaniambia.

Mzee Stokely aliusimamisha mchezo wa kivuli msimu wote uliobaki. Mwezi wa Aprili watu walianza kuudai, na matangazo yakautaja kwa herufi kubwa, ikabidi tuurudie. Kituo cha kwanza alishika Wardell Spivey, kijana mzima wa miaka ishirini na mitano kutoka Arkansas, mcheshi, hana uoga wa kitu chochote. Hakuwahi kumwona Delmas.

Siku ya tatu Wardell alinijia nikifunga viatu.

"Kaka Ozell, punguza basi. Mkono unawaka."

"Unawaka na nini? Nakutupia upepo."

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Alinifungulia kiganja. Kilikuwa chekundu na kimevimba chini ya kidole cha shahada, pale pale mpira unapotua. Siku ile tulikuwa tumetoka kwenye basi moja kwa moja hadi uwanjani, hakuna aliyeshika mpira wa kweli. Nilimcheka, nikamwambia apunguze kujipiga ngumi. Akasema hajajipiga ngumi hata mara moja tangu afike, kwa sababu hakujua kwamba inatakiwa. Alidhani mlio ule naufanya mimi kwa ulimi.

Nilikigusa kile kiganja, shangazi, na kilikuwa cha moto.

Baada ya hapo nilianza kusikiliza. Mlio ulikuwepo. Nautupa, nahesabu moja, pa. Si mara zote. Ni mimi tu nikitupa, tena kituo cha kwanza tu. Mji mmoja wa Georgia, mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga karibu na lango alinipa kipande changu, akaniuliza yule mrefu asiye na kofia, anayesimama nyuma ya Wardell, ana matatizo gani hata asikae kwenye benchi na wenzake. Nilimwambia sisi wote tuna kofia. Alitazama uwanjani, akanitazama mimi, akafunika samaki wake akaondoka kabla ya mechi kuanza.

Mwezi wa Julai Wardell alimwambia Mzee Stokely kwamba mechi atacheza, lakini kivuli hachezi tena. Alitukusanya ndani ya basi akasema, "Huo mpira si wangu. Kuna mwenyewe. Kila nikiudaka nasikia mtu ananivuta nyuma ya mkanda." Hakuna aliyemtania. Lovell alikuwa akitazama nje ya dirisha, machozi yanamtoka.

Mzee Stokely ni mtu wa biashara. Alisema basi kituo cha kwanza kibaki wazi, kitakuwa kichekesho kipya, tunatupa mpira usiokuwepo kwa mtu asiyekuwepo. Tukafanya hivyo miji sita. Watu walipenda sana. Mimi nilitupa, na kila mara pale pasipo na mtu palilia pa, na mpira ukanirudia. Sijui nikueleze vipi. Mkono wangu ulikuwa ukinyanyuka wenyewe, na kitu kikaugonga. Miaka saba nimepokea mipira ya Delmas, naujua uzito wake. Alikuwa akiirudisha chini kidogo, ya upande wa kushoto, kwa sababu alijua bega langu.

Utaniuliza kama niliogopa. Niliogopa, lakini nitakwambia ukweli, nilifurahi pia. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikitamani mchana ufike. Nilidhani amenisamehe, au labda hajui.

Kisha Mzee Stokely alitusomea ratiba, na Jumamosi hii iliyopita ilikuwa Harlan Fork, mwaka mzima umepita tangu siku ile. Nilimwomba tusicheze kivuli huko. Akasema tiketi zimekwisha, na waliozinunua wamekuja kuona kivuli.

Uwanja ulikuwa vile vile, na watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Tukaanza. Mpigaji akapiga, nikaruka, nikadaka, nikautupa kituo cha kwanza. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili. Mkono wangu haukunyanyuka. Mpira haukurudi.

Tulisimama wote. Kisha watu walianza kucheka. Hawakuwa wakitucheka sisi, shangazi. Macho yao yote, weusi kwa weupe, yalikuwa chini kwenye kituo cha kwanza, na pale hapakuwa na kitu ila nyasi na mfuko wa kituo. Kicheko kilipanda kidogo kidogo, kikatulia, kikapanda tena, kama vile kuna mtu pale anafanya kichekesho kimoja baada ya kingine. Mwanamume mmoja alipiga kelele, "Mpepeeni basi!" Hakuna aliyekuwa na kofia mkononi. Nilimtazama Lovell, na Lovell alikuwa ametupa gongo lake mbali na kuziba masikio.

Nilikimbia. Nyasi nyuma ya kituo zilikuwa zimelala, kwa urefu wa mtu mrefu, na zilikuwa zikiendelea kulala taratibu nikiziangalia. Nilipiga magoti. Nikaweka mkono juu yake, na mkono wangu ukashikwa. Ulishikwa vidole vinne, kwa nguvu, na kiganja chenye jasho. Sikuona kitu.

Niligeuka kwa watu nikapaza sauti, "Daktari! Iteni daktari, mtu anakufa hapa!" Wakacheka zaidi. Niliwaambia sitanii. Wakapiga miguu kwenye mbao. Nililia machozi mbele yao, mimi mwanamume wa miaka thelathini na moja, nikawaomba kwa jina la Mungu, na bibi mmoja wa safu ya mbele akajifuta macho kwa leso, akamwambia mwenziwe kwamba hajawahi kuona mtu anayejua kuigiza kama mimi. Mmoja wa wenzetu alikuja akinipepea kwa kofia. Aliponiona usoni aliiacha kofia ianguke, akarudi nyuma.

Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Hakuna hata mmoja aliyekuja. Walicheka hadi wakachoka, wakaanza kununua soda. Mimi nilibaki pale nimeshika, sikuachia, hadi vidole vilivyonishika vikalegea kimoja kimoja. Nyasi zikainuka. Mzee Stokely alinitoa uwanjani kwa kunishika mabega, na alikuwa amevua kofia.

Tangu Jumamosi sijasikia mlio wowote. Jana tulijaribu hapa Meldrum, nikautupa mpira na ukapotelea huko, na watu walituzomea. Nimemwambia Mzee Stokely nitafika naye Chicago halafu basi.

Sasa nakujibu swali lako. Nilipoinama juu yake mwaka jana, watu wakicheka, Delmas alikuwa amefumbua macho akitazama jua bila kupepesa. Alisema, "Ozell, sioni. Nishike mkono." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, sina mengine. Na mkono wangu, shangazi, niliunyanyua juu nikawapungia watu.

Tutakuwa Chicago tangu Ijumaa tarehe 27. Jumapili nitakuja kanisani. Ukiniruhusu, nitasimama mimi niyaseme haya mbele ya wote, ili yasipite kinywani mwako. Usiponiruhusu, nitakaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho, wala sitakufuata ngazini. Usihangaike kuniandikia. Nitakutazama usoni na nitajua.

Nisalimie Irvetta na mumewe, na unibusie yule mtoto wao ambaye sijamwona, ambaye nasikia wamempa jina la mjomba wake Delmas. Nisalimie Bi. Zenobia wa mlango wa pili, mwambie kofia aliyonishonea bado naivaa. Msalimie Mchungaji Gaines, ila usimwambie kitu hadi uwe umekwisha kuamua.

Mungu aipoze miguu yako, akupe usingizi hata baada ya barua hii, na kama kuna usingizi wangu mahali, akupe wewe na huo pia.

Wako akupendaye, kama bado ni wako,

Ozell